Babu alikuwa dresa wa Keya: kufuatilia utumishi wake na nishani zake

Nyumba nyingi zina habari hii kwa ufupi tu: babu alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles (KAR), alikwenda Bama, yaani Burma, kupigana na Mjapani, kazi yake huko ilikuwa "udaktari", na nishani zake ziko kwenye kopo la majani ya chai juu ya kabati. Mwenyewe hayupo tena wa kuulizwa. Amebaki mjukuu na simu yake, kopo, na picha moja iliyofifia.

Watu wengi huanza na kopo. Wanazipiga nishani picha, wanauliza ni za nani na alifanya nini. Nishani za Vita vya Pili vya Dunia haziwezi kujibu swali hilo. Afrika Kusini, Australia na India waliziandika namba na jina la askari, lakini zilizotolewa na Uingereza kwa askari wake na wa makoloni ya Afrika Mashariki zilitoka tupu, bila herufi hata moja ya kumtambulisha mwenyewe. Ndugu wawili wakichanganya nyota zao leo, hakuna fundi wa kuzitenganisha. Nishani inakuonyesha mahali. Mtu mwenyewe utampata kwa namba yake ya jeshi.

Kabla ya namba, tuliweke sawa neno "daktari". Waafrika waliohudumia wagonjwa na majeruhi katika vita vile wengi wao walikuwa askari wa kikosi cha tiba cha Afrika Mashariki, ambacho kwenye makaratasi kinaandikwa East African Army Medical Corps, kwa kifupi EAAMC. Humo mlikuwa na wauguzi wa wodi walioandikwa "Nursing Orderly", madresa wa vidonda, wabeba machela, madereva wa ambulensi na watu wa usafi wa kambi. Lakini batalioni za Keya nazo zilikuwa na wabeba machela wao, ambao kikosi chao kwenye karatasi ni KAR, si EAAMC. Kwa hiyo msalaba mwekundu mkononi kwenye picha hautoshi kukuambia kikosi. Tazama beji ya kofia: fimbo iliyozungukwa na nyoka ni alama ya tiba. Tazama na bega: kichwa cha kifaru ni alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyokwenda Burma.

Namba, na jina lilivyoandikwa na karani

Namba ya askari wa Afrika Mashariki kwa kawaida ilitanguliwa na herufi moja au zaidi. Herufi hizo ni sehemu ya namba, usiziache. Inaweza kuwa kwenye cheti cha kuachishwa jeshi, ambacho wazee wengi walikikunja mara nne wakakitunza pamoja na risiti za kodi na cheti cha ubatizo. Kama cheti kimeliwa na mchwa, kuna pengine pa kutazama: nyuma ya kijiko na chini ya bakuli la bati la chakula, maana askari walikuwa wakikwaruza namba zao humo ili visiibwe; kifuniko cha sanduku la mbao; upande wa ndani wa mkanda; nyuma ya picha iliyopigwa studio; na kile kisahani cha shingoni, ambacho si cha chuma kama watu wanavyodhani bali cha kitu kigumu mfano wa kadibodi, chekundu cha duara au kijani cha pembe nane.

Kuna kopo moja kati ya mengi lenye bahati. Kama babu alibaki jeshini hadi miaka ya 1950, huenda kuna nishani ya fedha yenye utepe wa manjano uliopakana na nyeusi, mistari miwili ya kijani ndani yake, na kibao kidogo kilichoandikwa KENYA. Hiyo ni Africa General Service Medal ya vita dhidi ya Mau Mau, kuanzia Oktoba 1952 hadi Novemba 1956. Hii huandikwa. Igeuze uisome kwenye ukingo, kwenye ule unene wa sarafu, kwa tochi inayomulika kutoka pembeni: namba, cheo, jina, kikosi. Familia nyingine hazipendi kuizungumzia nishani hiyo, na sababu yake inaeleweka, lakini kwa mtafutaji ukingo wake unaweza kuwa ndio maandishi pekee ya jeshi yaliyobaki nyumbani. Nishani za Vita vya Kwanza nazo zina jina ukingoni, kwa hiyo kama kopo ni la baba yake babu, anza hapo hapo.

Jina ndilo linalowapoteza watu. Karani aliandika alichosikia. Njoroge anaweza kuwa Joroge, Mutua akawa Mtua, Ochieng' akakosa kile kiapostrofi na g yake, Kipkemboi akawa Kemboi arap fulani. Jina la ubatizo mara nyingi halimo kabisa, hasa kama mtu alibatizwa baada ya vita. Baba aliandikwa kwa kifupi cha Kiingereza "s/o", yaani mwana wa, na kwa watu wa pwani kwa "bin". Andika kwenye karatasi moja kila namna jina linavyoweza kuandikwa, pamoja na jina la baba yake, wilaya ya wakati ule na chifu wa wakati ule. Wilaya na chifu vina uzito kuliko unavyodhani, kwa sababu mtu aliyeandikwa jeshini alitambulishwa kwa kabila, wilaya na chifu wake. Wilaya za 1942 si kaunti wala mikoa ya leo: Murang'a ilikuwa Fort Hall.

Nyota zinavyosema

Soma maandishi ya nyota yenyewe kabla ya kuamini utepe. Tepe huoza, na watu hushonea wowote waliopata dukani. Nyota zote za vita vile ni za pembe sita, rangi ya shaba ya manjano, kimo kama milimita 44, na jina lake limezunguka herufi za Mfalme George wa Sita katikati.

The 1939-1945 Star ilihitaji kwa kawaida siku 180 katika eneo la mapigano. Utepe wake una sehemu tatu sawa: buluu iliyokoza, nyekundu, buluu hafifu.

Africa Star ilitosha siku moja, mradi mahali na tarehe vilingane. Kwa watu wetu hii ina milango miwili. Wa kwanza ni vita vya Mtaliana: Uhabeshi, nchi za Wasomali na Eritrea, kuanzia 10 Juni 1940 hadi 27 Novemba 1941, siku Gondar ilipoanguka. Wa pili ni Afrika ya Kaskazini hadi 12 Mei 1943, na huko Waafrika Mashariki walikwenda wengi, hasa katika vikosi vya kazi. Utepe ni wa rangi ya mchanga, mwekundu mpana katikati, na buluu mbili nyembamba zisizofanana. Bukini, yaani Madagaska ya mwaka 1942, haimo. Aliyepigana Bukini peke yake hana Africa Star, na familia hudhani ameibiwa au jeshi limemdhulumu. Hakuna aliyemwibia; kanuni ndivyo ilivyokuwa.

Burma Star ndiyo inayoleta ubishi zaidi kwenye familia za wauguzi. Ilitolewa kwa utumishi ndani ya Burma kuanzia 11 Desemba 1941 hadi 2 Septemba 1945, pamoja na majimbo ya Bengal na Assam ya India kwa tarehe maalumu. Ceylon, Sri Lanka ya leo, haikuhesabika kwa askari wa nchi kavu. Sasa fikiria muuguzi wa wodi aliyekaa miezi 20 kwenye hospitali ya jeshi Ceylon, akipokea majeruhi na wagonjwa wa Burma. Yeye "alikuwa Bama" kwa maneno ya nyumbani, lakini nyota hana, na hakustahili kuwa nayo. Ukikuta hadithi ya Bama bila Burma Star, usimtie babu uongo. Tafuta Ceylon.

Hizi mbili za duara zinachanganywa kila siku. Defence Medal ina simba wawili na taji, utepe wa rangi ya chungwa katikati na kijani pembeni, kila kijani na mstari mwembamba mweusi. War Medal 1939-1945 ina simba aliyesimama juu ya joka lenye vichwa viwili, kipenyo milimita 36, na ilihitaji siku 28 tu za utumishi wa kudumu, kwa hiyo karibu kila askari aliistahili. Jani dogo la shaba la mwaloni kwenye utepe wa War Medal ni jambo kubwa: maana yake alitajwa kwenye taarifa ya kamanda, na hilo lilichapishwa.

Sasa soma kopo kwa pamoja. Tuseme lina The 1939-1945 Star, Burma Star, Defence Medal na War Medal, bila Africa Star. Basi ama aliingia jeshini baada ya Novemba 1941 ama alikuwa mbali na uwanja wa Uhabeshi, kisha akavuka bahari. Tayari umepunguza utafutaji kuwa miaka michache. Africa Star pamoja na Burma Star: mtu wa mapema, aliyekaa jeshini muda mrefu, na huenda alikuwa na tepe za koplo au sajini mwishoni. Kopo tupu halithibitishi kitu, maana nishani zilitolewa baada ya vita, watu wakiwa wameshatawanyika mashambani.

Na ile nishani ya wauguzi, Royal Red Cross? Ilikuwa ya wanawake peke yao hadi 1976. Dresa mwanamume wa Vita vya Pili hawezi kuwa nayo. Ikiwemo kwenye kopo, imetoka kwa mtu mwingine.

Waliokufa, na majirani wa namba

Tume ya makaburi ya vita, CWGC, ina orodha mtandaoni isiyolipiwa. Inahusu waliokufa tu, jambo ambalo watu husahau na kuhitimisha kwamba babu "hayumo kwenye rekodi". Kama alirudi nyumbani akazaa watoto, hawezi kuwemo.

Lakini orodha hiyo inamfaa hata mwenye babu aliyerudi. Acha jina wazi, chagua kikosi East African Army Medical Corps na Vita vya Pili, pakua matokeo yote kama jedwali, kisha uyapange kwa namba. Namba zenye herufi zile zile za mbele na tarakimu zinazokaribiana ziliandikishwa karibu karibu. Ukiona namba iliyo chini kidogo ya ya babu ni ya mtu aliyefariki Uhabeshi Machi 1941, unajua babu aliandikwa karibu na wakati huo au kabla. Usilinganishe namba zenye herufi tofauti, hazikuhesabiwa pamoja. Na tarakimu moja iliyokosewa na karani huharibu hesabu nzima, kwa hiyo tafuta majirani watano au sita, si mmoja.

Kwa waliokufa, mahali pa jina panasema njia ya mtu. Rangoon Memorial pale Taukkyan ni ya waliokufa Burma bila kaburi linalojulikana. East Africa Memorial, ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, barabara ya Ngong, ina waliokufa kuelekea Uhabeshi, Bukini, na waliozama na meli Khedive Ismail. Meli hiyo ilitoka Mombasa tarehe 5 Februari 1944 kwenda Colombo, na tarehe 12 ikapigwa topido na nyambizi ya Kijapani I-27 karibu na visiwa vya Maldives. Ilizama kwa dakika mbili hivi. Walikufa watu 1,297, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, pamoja na wanawake 77, hasa masista wa hospitali za jeshi. Masista wa Kiingereza majina yao yako Brookwood, Surrey. Askari wetu wako Nairobi. Ukiwa na ndugu "aliyepotea baharini Februari 1944", huna haja ya kutafuta mbali.

Kumbuka pia kwamba orodha ya CWGC ina mapengo makubwa kwa Waafrika, na tume yenyewe ilikiri hivyo kwenye ripoti yake ya Aprili 2021, hasa kwa wapagazi wa Vita vya Kwanza.

Kew: nini kipo, nini hakipo

Faili la mtu mmoja mmoja la askari Mwafrika wa kawaida halipo kwenye hifadhi ya taifa ya Uingereza pale Kew, London. Anayekuuzia huduma ya "kulitoa faili la babu Kew" anakula pesa yako. Faili za wauguzi wa Kiingereza na maafisa ni habari nyingine.

Yaliyopo yenye faida ni mawili. La kwanza ni mapendekezo ya tuzo, mfululizo WO 373, unaotafutwa kwa jina kwenye katalogi ya mtandaoni. Kama babu alipewa Military Medal, nishani ya ushujaa, humo mna maelezo ya alichofanya, siku na mahali. Kutajwa kwenye taarifa kwa kawaida hakuna maelezo, ni jina tu kwenye London Gazette, gazeti la serikali linalosomwa bure mtandaoni. Utafutaji wa Gazette unasoma picha za kurasa za zamani kwa mashine, na mashine huvuruga majina ya Kiafrika vibaya sana. Tafuta kwa tarakimu za namba bila herufi za mbele. Ikishindikana, tafuta "East African Army Medical Corps" kwa miaka 1941 hadi 1946, kisha pitia kurasa kwa macho.

La pili ni shajara za vita za vikosi vya tiba, WO 177. Hapo unahitaji jina la kikosi chenyewe: Field Ambulance (kikosi cha tiba cha uwanjani, si gari) namba fulani, hospitali namba fulani. EAAMC peke yake haitoshi, kama vile kusema mtu anafanya kazi "serikalini" haitoshi. Kwa vikosi vingine vya Burma kuna WO 172, na makaratasi ya makao makuu ya Afrika Mashariki yako WO 276.

Shajara imeandikwa kwenye fomu C.2118: mahali, tarehe, saa, muhtasari wa yaliyotokea, viambatisho. Usitegemee jina la babu. Maafisa hutajwa kwa majina, Waafrika huhesabiwa kama AOR (African Other Ranks, Waafrika wasio maafisa): "3 AOR wamefika", basi. Utakachopata ni siku zake. Kwa Divisheni ya 11 mwaka 1944 utaiona kambi ikihama kutoka Tamu, ikishuka bonde la Kabaw kwenye matope ya masika hadi Kalemyo, na Kalewa kando ya mto Chindwin mwezi Desemba; utaona idadi ya wagonjwa wa malaria, wa kuhara, na wa taifasi ya msituni inayoletwa na utitiri, na mara nyingi wagonjwa ni wengi kuliko wenye majeraha ya risasi.

Vifupisho vitakusumbua siku ya kwanza. RAP ni kituo cha huduma ya kwanza cha batalioni, karibu kabisa na risasi. ADS na MDS ni vituo vya kufunga vidonda vya Field Ambulance, cha mbele na kikuu. CCS ni hospitali ya kwanza yenye upasuaji wa maana. ADMS ni mkuu wa tiba wa divisheni. TOS na SOS ni kuingia na kutoka kwenye hesabu ya kikosi. Ukijua babu alikuwa MDS na si hospitali ya nyuma, umejua kama alisikia mizinga.

Ndugu aliye London anaweza kuifanya kazi hii bila gharama kubwa: kuingia ni bure, kadi ya msomaji hutolewa kwa vitambulisho viwili, kimoja cha jina na kimoja cha anwani, mafaili huagizwa mapema kwa mtandao, na anaruhusiwa kupiga picha kwa simu yake. Mwambie apige kila ukurasa pamoja na viambatisho, na jalada la faili lenye namba ya kumbukumbu. Picha 200 zisizo na jalada hazina faida.

Nairobi na Dar es Salaam

Hapa ndipo watu wachache hufika, na ndipo jina la mtu wa kawaida lina nafasi kubwa zaidi ya kuonekana. Pesa alizotuma askari kwa mke au baba zilipitia kwa mkuu wa wilaya. Malalamiko ya pesa kutofika, mirathi ya waliokufa, kesi za mashamba na wake wakati mume yuko vitani, yote yalizaa barua. Kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Kenya, Moi Avenue, omba mafaili ya wilaya na ya mkoa: DC/MKS kwa Machakos, PC/NZA kwa Nyanza, na kadhalika, miaka 1940 hadi 1948. Kwa Tanganyika nenda Hifadhi ya Taifa Dar es Salaam ukiwa na jina la wilaya la zamani. Ukifika mezani na jina la babu peke yake utarudi mikono mitupu, kwa sababu mafaili hayakupangwa kwa majina ya watu. Fika na wilaya, mwaka na mada: "askari remittances", "ex-askari", "deceased askari".

Jaribu pia klabu ya karibu ya KAFOCA, chama cha wanajeshi wa zamani wa Kenya, au Tanzania Legion and Clubs upande wa Tanzania. Uliza daftari la zamani la wanachama, hata kama mhudumu anadhani umekuja kunywa.

Nishani zenyewe usizisugue kwa Brasso, hata kama shangazi anasisitiza zing'ae. Rangi ile ya kahawia inazilinda, na kusugua hufuta maandishi ya ukingoni, yale yale unayoyatafuta. Zipige picha mbele, nyuma na ukingo pamoja na rula. Zikikosekana, nakala zinauzwa mtandaoni. Nunua ukipenda, ila andika "nakala" kwenye bahasha yake. Mjukuu anayezivaa siku ya kumbukumbu huzivaa kifua cha kulia. Kushoto ni kwa aliyezipewa.